Maneno Madogo ya Fedha: Somo la Kiingereza cha Kazi na Mshahara

Wasomaji wetu, twajua ya kuwa wengi wenu hupata karatasi zilizoandikwa kwa Kiingereza: barua ya kuajiriwa, stakabadhi ya duka, hesabu ya chama cha ushirika, hati ya mkopo. Twajua tena ya kuwa wengi wamejifunza maneno ya Kiingereza kwa kuyapanga katika daftari, neno la Kiingereza upande huu na neno la Kiswahili upande wa pili. Njia hiyo si mbaya, walakini haitoshi. Katika somo hili twataka kueleza sababu yake, kisha tufundishe maneno ya kazi na fedha kwa njia iliyo salama zaidi.

Kwanza twasimulia jambo tuliloliona kwa macho yetu.

Mwaka mmoja, baada ya mavuno, alikuja ofisini mzee mmoja wa kijiji cha jirani. Tulimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitika, "Marahaba, mwanangu," akaketi, akatoa barua iliyokunjwa mara nne. Barua ilitoka kwa mwenye duka aliyempa mbegu na majembe kwa mkopo wakati wa kupanda. Mzee hakuja kuuliza maana yake, kwa kuwa alidhani maana anayo tayari. Kijana mmoja wa shule alikuwa amemsomea, akamwambia ya kuwa ana baki yake dukani. Mzee alifurahi sana. Kwa kuitumaini fedha hiyo alichukua mbuzi wawili kwa jirani yake, akawachinja katika arusi ya binti yake. Sasa alikuja kutuomba tumwandikie mwenye duka barua ya adabu, ili amletee fedha yake upesi, maana jirani alikuwa ameanza kudai.

Tuliisoma barua. Ilisema, "Balance due from you," na mbele yake kiasi cha fedha. Ilitupasa kumwambia, "Mzee wangu, si wewe unayedai, wewe ndiwe unayedaiwa."

Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kijana alinidanganya?" Tukamjibu, la, hakudanganya. "Balance" ni baki, na "due" ni iliyo haki kulipwa. Maneno hayo mawili kijana aliyafahamu sawasawa. Lakini aliliruka neno dogo "from", akidhani halina uzito. Mzee akataka tumwonyeshe neno hilo kwa kidole. Akalitazama, akahesabu herufi zake, akasema, "Herufi nne. Basi kila mbuzi ameliwa na herufi mbili."

Sisi hatukucheka. Tangu siku ile tumeona ya kuwa somo la Kiingereza cha fedha halianzi na maneno makubwa. Laanza na madogo.

MKIA WA NENO

Katika Kiswahili, njia ya fedha huonekana katika mkia wa neno. Twasema "kopa", na fedha yaja kwangu. Twasema "kopesha", na fedha yatoka kwangu. Twasema "lipa", "lipwa", "lipia", "lipisha". Shina ni moja, lakini mkia ukibadilika, fedha nayo hubadili njia. Mtoto wa miaka sita hakosei mikia hii, kwa sababu aliinyonya pamoja na maziwa.

Kiingereza hakina mikia kama hiyo. Badala yake hutumia mojawapo ya mambo mawili: ama neno jingine kabisa, ama neno dogo lifuatalo, kama "to", "from", "for", "in", "off". Kwa hiyo mwanafunzi aliyezoea kutazama neno moja kubwa na kuliruka dogo lililo nyuma yake, anaacha kile kile alichopaswa kukitafuta. Hayo ndiyo yaliyompata kijana wa yule mzee.

Basi kila usomapo sentensi ya fedha, uliza swali hili kwanza: fedha yatoka kwa nani, nayo yaenda kwa nani? Usipoweza kujibu, bado hujaisoma, hata kama wajua maana ya kila neno.

MANENO YA KUTOA NA KUPOKEA

1. "Borrow" na "lend". La kwanza ni kukopa, la pili ni kukopesha. "I borrowed ten shillings from Juma," yaani nilikopa kwa Juma shilingi kumi. "I lent ten shillings to Juma," yaani nilimkopesha. Tazameni ya kuwa "borrow" hufuatana na "from", na "lend" hufuatana na "to". Watu wetu hukosea hapa mara nyingi, kwa sababu neno letu "azima" hutumika pande zote mbili. Mtu hunena, "Juma borrowed me ten shillings," akidhani amesema kwamba Juma alimwazima. Mwingereza hataelewa mdeni ni nani.

2. "Own" na "owe". Maneno haya yafanana kwa sura, lakini yapishana kama tajiri na maskini. "I own a cow," maana yake nina ng'ombe, ni mali yangu. "I owe a cow," maana yake nina deni la ng'ombe. Ukiandika vibaya herufi moja, ng'ombe ametoka zizini.

3. "Due". "Due to you" ni fedha unayostahili kupewa. "Due from you" ni fedha unayopaswa kutoa. "Due on Friday" ni kwamba siku ya kulipa ni Ijumaa, na "overdue" ni kwamba siku ya kulipa imekwisha kupita. Lakini "due to the rain" si habari ya deni hata kidogo. Maana yake ni kwa sababu ya mvua.

4. "Pay". Neno hili lina watoto wengi. "Pay the carpenter" ni kumlipa seremala. "Pay for the table" ni kuilipia meza. "Pay back" ni kurudisha ulichokopa. "Pay in" ni kuweka fedha benki. "Pay off a debt" ni kumaliza deni lote, nayo ni habari njema. Walakini ukisikia "The men were paid off," jua ya kuwa watu wamelipwa haki yao na kazi imekwisha, kesho wasije.

5. "Charge". "They charge two shillings for grinding," yaani hutoza shilingi mbili kwa kusaga. "He is in charge of the store," yaani yeye ndiye msimamizi wa ghala. "He is charged with theft," yaani ameshtakiwa kwa wizi. Mwalimu atunzaye fedha ya shule na aandike, "I am in charge of the school money." Akiandika "charged with", msomaji aweza kudhani ya kuwa kesi i mahakamani.

6. "Advance". "Payable in advance" ni kulipa kabla, kama kodi ya nyumba ilipwavyo kabla ya mwezi kuanza. "An advance" ni sehemu ya mshahara uliyopewa kabla ya siku yake. Si zawadi wala si nyongeza. Mwisho wa mwezi utaiona katika safu ya "deductions", ndiyo makato.

7. "Gross" na "net". "Gross wages" ni mshahara mzima kabla ya makato. "Net wages" ni ule uingiao mfukoni. Neno "net" laandikwa sawa na neno la Kiingereza la wavu, ingawa asili zao ni mbalimbali. Wavuvi na wakumbuke hivi: "net" ni kile kibakicho wavuni baada ya maji kutoka. Mtu akiahidiwa kazi, asiulize tu mshahara ni kiasi gani. Aulize kiasi hicho ni "gross" au ni "net".

MANENO YA KAZI

Kiingereza hutofautisha "wages" na "salary". "Wages" ni ujira uhesabiwao kwa saa, kwa siku, kwa juma, au kwa kazi iliyofanywa. "Salary" ni malipo yaliyopangwa kwa mwaka na kutolewa kila mwezi. Neno letu "mshahara" lina asili ya Kiarabu, nalo latokana na neno la mwezi. Neno "salary" lina asili ya Kilatini, nalo latokana na neno la chumvi. Kila lugha imehesabu kazi kwa kipimo chake.

Lakini mwezi nao una hila. "One month" si sawa na "thirty working days". Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kabla ya uhuru wa mwaka 1961, kipande kimoja kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo mtu hakufanya kazi haikuandikwa, kwa hiyo kadi moja iliweza kuchukua zaidi ya mwezi mmoja wa kalenda. Aliyedhani atalipwa mwezi mwandamo alirudi nyumbani mikono mitupu. Basi katika mkataba wowote tazameni neno "working". Likiwapo, zihesabiwazo ni siku za kazi tu.

Neno "leave" limewaponza wengi. "Leave" ni likizo, na "to leave" ni kuondoka. Mtu akisema, "I want leave," anaomba likizo. Akisema, "I want to leave," anasema ataka kuacha kazi. Hapa pia kuna neno dogo la herufi mbili, nalo laweza kumtoa mtu kazini. Salama zaidi ni kusema, "I am asking for two weeks' leave." Tena uliza kama ni "with pay", yaani pamoja na mshahara, au "without pay", yaani bila mshahara.

"Notice" ni tangazo, lakini katika kazi ni taarifa ya mapema. "To give one month's notice" ni kumwarifu mwenzako mwezi mmoja kabla ya kazi kukoma. Taarifa hii hutolewa na mwajiri, na hutolewa na mfanyakazi vilevile. Kwa hiyo ulizeni tena: ni nani anayemwarifu nani?

MAJINA YA FEDHA NI WASAFIRI

Wako wasemao ya kuwa maneno haya ni ya kigeni, hayatatukaa kamwe. Sisi twasema, tazameni yaliyomo mfukoni. "Pesa" ilitoka Bara Hindi. "Rupia" nayo ilitoka huko. "Hela" ni ile heller ya Wadachi: tangu mwaka 1904, katika nchi waliyoitawala, rupia moja iligawanywa katika heller 100. Shilingi ya Afrika ya Mashariki ilianza mwaka 1921, yenye senti 100. Sarafu za Wadachi zimekwisha zamani, lakini hata leo mtu husema hana hela, wala hafikiri ya kuwa anasema neno la kigeni. Maneno ya fedha hujifunzwa upesi kwa sababu yana kazi kila siku.

Tena Waingereza wenyewe wana maneno ya safari. "Cattle", yaani ng'ombe, na "capital", yaani mtaji, yana asili moja, ni neno la Kilatini la kichwa. Wafugaji wetu hawatashangaa kusikia ya kuwa ng'ombe na mtaji ni ndugu. "Bank" ni neno la Kiitalia lenye maana ya ubao wa kukalia au meza, pale walipokaa wabadili fedha. "Bankrupt", yaani aliyefilisika, asili yake ni ubao uliovunjika.

MISEMO

Msemo ni maneno kadhaa yenye maana moja. Ukiyatenganisha, maana hukimbia. Twatoa michache inayosikika sana.

"To save for a rainy day." Kwa neno kwa neno ni kuweka akiba kwa ajili ya siku ya mvua. Mkulima wa Dodoma, aliyeitazama mbingu miezi saba, atauliza: mbona siku ya mvua ndiyo siku ya neema? Lakini Uingereza mvua hunyesha katika kila mwezi wa mwaka, na kwa watu wa kule siku ya mvua ni mfano wa siku ya taabu. Sisi twasema, akiba haiozi.

"To get the sack." "Sack" ni gunia. Mtu akiambiwa, "You will get the sack," asiende nyumbani kumwambia mkewe atapewa gunia la mahindi. Maana yake atafukuzwa kazi.

"To make both ends meet." Ni kukutanisha ncha mbili, yaani mapato yatoshe matumizi. "They cannot make both ends meet," ni kwamba mshahara waisha kabla ya mwezi.

"To live from hand to mouth." Ni kuishi kutoka mkononi hadi kinywani. Akipatacho mtu leo hukila leo, wala hana cha kesho.

"To be in the red." Makarani wa hesabu waliandika upungufu kwa wino mwekundu. Mtu aliye "in the red" matumizi yake yamepita mapato, naye ana deni.

"Cut your coat according to your cloth." Kata koti lako kwa kadiri ya kitambaa ulicho nacho. Wahenga wetu walisema, mtu hujikuna ajipatapo.

"Penny wise and pound foolish." Hadi tarehe 15 Februari 1971, pauni ya Uingereza ilikuwa na shilingi 20, na kila shilingi peni 12. Basi pauni moja ilikuwa peni 240. Msemo huu wamhusu mtu mwerevu wa peni, mjinga wa pauni: anaokoa moja, anapoteza 240. Mfano wake ni yule aonaye uchungu kununua kufuli, kisha ghala lote likaibwa.

NJIA YA KUJIFUNZA

Kwanza, katika daftari lako usiandike neno peke yake. Andika sentensi nzima, pamoja na neno lake dogo. Usiandike "borrow, kukopa". Andika, "I borrowed a hoe from my brother." Sentensi ikikaa moyoni, neno dogo litakaa nayo.

Pili, walimu na wafanye duka darasani. Mtoto mmoja awe mwenye duka, mwingine mnunuzi, wa tatu karani. Vijiwe viwe fedha. Kila kijiwe kitokapo mkono huu kwenda mkono ule, mtoto aseme kwa Kiingereza kimetoka kwa nani na kimekwenda kwa nani. Mtoto aliyekishika kijiwe hatasahau "to" na "from".

Tatu, mtu asitie sahihi wala kidole katika karatasi kabla ya kujibu maswali manne: nani alipa? Nani alipwa? Kiasi gani? Siku gani? Si aibu kuuliza. Aibu ni kuitikia kichwa kwa jambo usilolijua. Twawaomba wakubwa wa vijiji, ambao watu huwakimbilia na karatasi zao, waufuate mwendo huu: karatasi ya deni isomwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, na majibu yao yalinganishwe. Wakipatana, vema, wasipopatana, aitwe wa tatu.

Nne, tunza karatasi zako. Mali bila daftari hupotea bila habari.

ZOEZI

Someni sentensi hizi, mjibu kabla ya kutazama majibu.

1. "The clerk lent five shillings to the driver." Nani ana deni?
2. "The advance will be deducted from your wages." Mshahara utazidi au utapungua?
3. "The teacher is on leave." Je, ameacha kazi?
4. "Received from the chief the sum of thirty shillings." Nani ametoa fedha?
5. "Balance due to you: twelve shillings." Utatoa au utapokea?

Majibu: 1. Dereva. 2. Utapungua, kwa kuwa fedha ilikwisha kupokewa. 3. La, yuko likizoni. 4. Chifu. 5. Utapokea.

Aliyekosa moja asivunjike moyo, bali aitazame tena sentensi, atafute neno dogo alilolipita.

Yule mzee wetu alilipa deni la duka kwa mafungu matatu, na mbuzi wa jirani akawalipa katika mavuno yaliyofuata. Siku alipomaliza alikuja tena ofisini na stakabadhi yake. Juu yake palikuwa pameandikwa, "Paid in full." Akatuomba tumsomee, si mara moja, bali neno kwa neno, akifuata kwa kidole chake. Tukamwambia: "paid" ni imelipwa, "in full" ni kwa ukamilifu, hakuna kilichobaki. Akauliza, "Na hili dogo la katikati, halina kitu ndani yake?" Tukamjibu, "Hapana, mzee, hili limekuja kwa amani." Ndipo alipoikunja karatasi mara nne, akaenda zake.